Tathmini ya Ziara ya Yinxu, Anyang: Mahali Anaposimuliwa Fu Hao, Malkia wa Shang

Mtu anayetaka kumjua Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding na kiongozi aliyefariki dunia yapata mwaka 1200 KK, hana budi kuanzia Yinxu. Haya ni magofu ya mji mkuu wa mwisho wa nasaba ya Shang, yaliyotandaa kwenye kingo zote mbili za mto Huan, pembezoni mwa mji wa Anyang katika mkoa wa Henan, China. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwezi Februari 2024 kulifunguliwa jengo jipya la makumbusho ng'ambo ya mto, mkabala na eneo la majumba ya kifalme. Wageni wengi huenda huko kwa sababu ya maandishi ya kale zaidi ya Kichina yanayojulikana, na wengine huvutiwa na magari ya kukokotwa na farasi. Tathmini hii inashughulikia jambo moja tu, yaani jinsi mahali hapa panavyomsimulia Fu Hao, na kama simulizi hilo linamtosha mwanamke mwenye uzito wake.

Hukumu yangu naitoa mapema. Ziara hii ni miongoni mwa chache duniani ambazo mgeni husimama penye kaburi la kiongozi wa zama za shaba akiwa ameshasoma mambo yaliyoandikwa juu yake wakati angali hai. Hata hivyo, picha inayotangulizwa mbele ya mgeni ni ya jenerali mwenye shoka, ilhali ushahidi uliohifadhiwa hapohapo Yinxu unamwonyesha mtu mpana zaidi: mwendesha matambiko, mwenye milki yake, mama aliyepata taabu za uzazi, na mtu ambaye mfalme hakuacha kumwulizia hata baada ya kumzika. Mgeni asiyejiandaa anaweza kurudi kwao na shoka pekee kichwani, na hiyo ni hasara kubwa.

Kwa sababu hiyo nashauri kwa msisitizo kwamba kaburi lisiwe kituo cha kwanza. Katika eneo la majumba ya kifalme kuna shimo linalojulikana kwa namba YH127, ambamo mwaka 1936 wachimbaji walikuta zaidi ya vipande 17,000 vya magamba ya kobe na mifupa iliyotumika kupigia ramli. Hapo ndipo Fu Hao anapoanza kuwa mtu. Historia za Kichina zilizoandikwa na kurithishwa kizazi hadi kizazi hazimtaji hata kidogo. Mifupa hii ilianza kutambuliwa na wasomi mwaka 1899, uchimbaji rasmi wa Yinxu ukaanza mwaka 1928, na polepole jina lake likajitokeza tena na tena katika maswali ya mfalme, hadi leo vipande vinavyomtaja vinahesabiwa kuwa takriban 200.

Namna ramli hiyo ilivyopigwa inafaa kueleweka vizuri kabla ya kuendelea. Gamba la tumbo la kobe au mfupa wa bega la ng'ombe ulisafishwa, ukalainishwa, kisha vishimo vidogo vikachongwa upande wa nyuma. Swali lilitamkwa, mara nyingi kwa sura mbili, ya kukubali na ya kukataa: Fu Hao atapona, Fu Hao hatapona. Kitu chenye moto kiligusishwa kwenye vishimo, upande wa mbele ukapasuka, na mfalme mwenyewe akazisoma nyufa. Baadaye mchongaji aliandika siku, jina la mpiga ramli, swali, usomaji wa mfalme na wakati mwingine hata matokeo. Kwa hiyo tunachokisoma ni kumbukumbu ya ikulu, iliyoandikwa siku hizo hizo, na wala si hadithi iliyopambwa karne nyingi baadaye. Sijui mtawala mwingine yeyote wa kike wa wakati huo ambaye maisha yake yanatufikia kwa njia ya karibu namna hii.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukaribu huo. Fu Hao alikuwa mjamzito, na mpiga ramli aliuliza kama kujifungua kwake kutakuwa kwa heri. Mfalme alisoma nyufa akasema kwamba akijifungua siku ya ding, mojawapo ya majina ya siku katika kalenda ya Shang, itakuwa heri, na akijifungua siku ya geng itakuwa heri kuu. Mchongaji akaongeza kilichotokea: baada ya siku 31, siku ya jiayin, alijifungua, haikuwa heri, mtoto alikuwa wa kike. Maneno hayo ni machache, hayana huruma wala maelezo, nayo yanachoma. Mwanamke aliyepewa maelfu ya askari kuwaongoza alikuwa pia mwanamke ambaye kuzaa kwake binti kuliandikwa kama matokeo mabaya. Mtu akiyachukua maandishi haya mawili pamoja, ya vita na ya uzazi, ataelewa vizuri zaidi cheo cha Fu Hao na mipaka yake kuliko atakavyoelewa kwa kuitazama sanamu yoyote.

Maandishi ya vita yenyewe ni mazito. Moja linazungumzia kukusanya watu 3,000 wa Fu Hao na wengine 10,000 kwa ajili ya shambulio. Jumla ya 13,000 ndiyo idadi kubwa kuliko zote zinazotajwa katika mifupa ya ramli ya Shang kwa kampeni moja. Lingine linauliza kuhusu vita dhidi ya watu wa Ba, ambapo mfalme angeshambulia kutoka upande wa mashariki huku Fu Hao akimvizia adui mahali alipopangiwa, na wengi wa wataalamu huliona hilo kuwa miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za mbinu ya kuvizia katika historia ya China. Lakini kando ya hayo kuna maandishi ambayo wageni huyapita haraka. Kwenye ukingo wa gamba moja imechongwa kwamba Fu Hao aliingiza magamba 50, yaani alileta mchango wake kwa ajili ya ramli za ikulu. Mahali pengine anaagizwa kuendesha matambiko kwa wahenga wa kifalme, jambo ambalo katika dola ya Shang halikuwa pambo, maana vita, mavuno, mvua na afya ya mfalme vyote viliaminika kuwa mikononi mwa wahenga hao. Mahali pengine tena linaulizwa swali la jino lake linalouma. Mimi huyarudia sana maandishi ya jino, kwa kuwa yanaonyesha ikulu ikishughulika na maumivu ya mtu mmoja kwa uzito uleule iliotumia kwa majeshi.

Kutoka kwenye mifupa mgeni hufika kwenye kaburi, na hapo hupokewa na sanamu ndefu nyeupe ya mwanamke aliyeshika shoka. Watu hupiga picha mbele yake, na sina sababu ya kuwalaumu. Ni sanamu yenye haiba, na kwa watoto wa shule inafungua mlango. Shida yangu ni kwamba uso ule hauna chanzo. Mwili wa Fu Hao haukubaki. Sehemu ya chini ya kaburi ilizama katika maji ya ardhini kwa karne nyingi, na mabaki yake yakaoza kabisa. Hivyo sanamu hiyo ichukuliwe kama heshima ya watu wa leo kwake, na mgeni asiipe nafasi ya ushahidi.

Kaburi lenyewe huwashangaza wengi kwa udogo wake. Mdomo wa shimo ni mita 5.6 kwa 4, na kina chake ni mita 7.5. Makaburi ya wafalme yaliyo kaskazini mwa mto yana njia ndefu za mteremko na mashimo makubwa mara nyingi zaidi, lakini yote yaliporwa zamani. Hili halikuguswa, nalo ndilo kaburi pekee la mtu wa nyumba ya kifalme ya Shang lililopatikana likiwa zima pamoja na jina la mwenyewe. Lilikuwa ndani ya eneo la majumba, mbali na makaburi ya wafalme, na hapo kwa bahati njema waporaji hawakupatafuta. Mgeni huteremka chini ya ardhi na kuona mpangilio uliorejeshwa kwa kutumia nakala za vyombo. Ni vyema kulijua hilo mapema ili mtu asije akadhani kwamba anatazama vitu halisi. Nakala hizo zimefanya kazi moja muhimu sana, nayo ni kuonyesha msongamano. Vitu 1,928 vilipangwa katika nafasi isiyozidi chumba cha kulala, bila kuhesabu makombe ya kauri, yaani magamba ya konokono wa baharini, ambayo ni zaidi ya 6,800. Ukitazama vyombo hivyo kimoja kimoja ndani ya kabati la kioo katika makumbusho mengine, huwezi kuhisi jinsi mali yote hiyo ilivyoshindiliwa kumzunguka mtu mmoja.

Wamo pia watu. Kaburi lilikuwa na wahanga 16 na mbwa 6. Baadhi yao waliwekwa katika vishimo vya ukutani, na mmoja aliwekwa pamoja na mbwa katika shimo dogo chini ya jeneza. Naona ni sahihi kabisa kwamba habari hii haifichwi. Utukufu wa Fu Hao ulijengwa katika dola iliyowachinja wanadamu ili kuwapa wakubwa wafuasi huko kuzimu, na yeye mwenyewe alishiriki katika matambiko ya namna hiyo. Anayempenda, kama ninavyompenda mimi, ampende akilijua hilo.

Habari ya ugunduzi nayo ingestahili kupewa nafasi kubwa katika maelezo ya kila mtembeza wageni. Kaburi lilifukuliwa mwaka 1976 karibu na kijiji cha Xiaotun na kikosi kilichoongozwa na mwanaakiolojia Zheng Zhenxiang, ambaye ni mwanamke. Penye mwinuko ambao wanakijiji walitaka kuusawazisha, kikosi kilikuta msingi wa udongo ulioshindiliwa. Wengine wangeridhika kwamba hilo lilikuwa jengo na kazi imekwisha. Zheng aliendelea kutoboa kwa koleo la Luoyang, kifaa chenye mpini mrefu na ulimi uliopinda unaoleta juu udongo wa chini bila kuuvuruga, hadi koleo lilipopandisha vipande vya rangi nyekundu ya laka na kipande cha jade, jiwe gumu la thamani. Maji yalijaa chini, ikabidi yavutwe kwa pampu huku watu wakifanya kazi ndani ya matope. Vyombo vilipooshwa, jina la Fu Hao likaonekana kwenye zaidi ya 100 kati ya vile vya shaba. Kwa mara ya kwanza mtu aliyejulikana kwa mifupa ya ramli alikutanishwa na kaburi lake, na mjadala kama wanawake wa maandishi yale walikuwa na mamlaka ya kweli ukabadilika sura.

Kuhusu vyombo, hapa naomba msomaji awe na subira, kwa maana ndipo utajiri ulipo. Vya shaba, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ni 468, na uzito wake wote unazidi kilo 1,600. Silaha zinazidi 130. Mashoka mawili makubwa yana jina lake, kila moja likikaribia kilo 9, na kwenye moja wamechongwa chui-milia wawili waliokabiliana, kichwa cha mwanadamu kikiwa katikati ya vinywa vyao. Shoka la uzito huo halifai kupigania kutwa nzima. Lilikuwa alama ya mamlaka ya kuamuru jeshi na kutoa hukumu ya kifo, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Mtu anayesema tu kwamba Fu Hao alipigana kwa shoka la kilo 9 anaondoa jambo zito na kuweka mahali pake jambo la kusisimua.

Kwa upande mwingine kuna pini za nywele za mfupa zinazokaribia 500, vioo vinne vya shaba, na vikombe viwili vya pembe za ndovu vilivyopambwa kwa vipande vya feruzi, vyenye urefu wa takriban sentimita 30, ambavyo kwa maoni yangu ni kazi nzuri kuliko zote zilizotoka humo. Kuna chombo cha kupikia kwa mvuke chenye sufuria tatu juu ya meko moja refu la shaba, na alama za masizi zimebaki juu yake, kumaanisha kwamba kilipikiwa kweli kabla ya kuzikwa. Vitu vya jade ni 755, na baadhi vilikuwa tayari vya kale sana Fu Hao alipovipata, kwa kuwa mtindo wake ni wa tamaduni zilizotangulia Shang kwa zaidi ya miaka 1,000. Alikuwa mtu wa kukusanya na kuthamini vitu vya kale. Vile vioo pamoja na visu vya mtindo wa nyika za kaskazini vinaonyesha mawasiliano na watu wa mipakani, nayo makombe ya kauri yalitoka katika bahari za joto zilizo mbali sana na Anyang. Kaburi dogo hivyo linachora ramani kubwa, na hili ndilo ningependa maelezo ya ukutani yalikazie kuliko yanavyolikazia suala la ujenerali.

Juu ya kaburi kulijengwa ukumbi wa tambiko, na jengo lililosimama hapo leo limejengwa upya kwa kufuata alama za nguzo zilizoonekana ardhini. Wengi hupita kandokando yake wakikimbilia ngazi za kaburi. Wasimame. Baada ya kufa Fu Hao aliitwa Mama Xin, na jina hilo la tambiko limechongwa kwenye vyungu viwili vikubwa vya miguu minne vilivyotolewa na kizazi kilichofuata. Mfalme naye hakumaliza kumwulizia. Mifupa ina maswali kuhusu hali yake huko aliko, na mengine wataalamu kadhaa wameyasoma kama maswali ya kumwoza kwa wahenga wakuu wa ukoo, ili apate mlinzi. Katika ukumbi huo ndipo mtu anaweza kuelewa kwamba kwa watu wa Shang uongozi wake haukuishia kaburini. Alihamia baraza jingine, na aliendelea kulishwa na kuombwa.

Jengo jipya ng'ambo ya mto lina takriban vitu 4,000 katika maonyesho, na vingi havijawahi kuonyeshwa hapo kabla. Sitalieleza lote. Kwa anayemfuata Fu Hao, chumba cha muhimu ni kile cha Ya Zhang, mtu wa vita aliyezikwa Yinxu na kaburi lake kufukuliwa miaka ya 2000 na 2001. Alikuwa na mashoka saba ya shaba na mkono wa shaba, na mifupa yake ilibaki ikiwa na majeraha ya silaha. Ulinganisho huu unafundisha sana. Kwa Ya Zhang, mwili wenyewe unathibitisha kwamba alikuwa kwenye mapigano. Kwa Fu Hao tuna shoka, jina na amri ya mfalme, nao ni ushahidi wa uongozi, ambao ni kitu tofauti na upiganaji. Ningefurahi kuona wawili hawa wakiwekwa wazi kwenye ubao mmoja. Magari ya farasi yaliyomo humo ni ya ajabu, yameonyeshwa vizuri sana, na anayeyapenda atapotelea hapo kwa muda mrefu.

Siku moja nzima inahitajika, na viatu viwe vya kutembelea, kwa sababu eneo la majumba, makaburi ya wafalme na jengo jipya havipo pamoja. Anyang ina kituo cha treni ya mwendo kasi, na kutoka Zhengzhou safari huchukua takriban saa moja. Mwenye nusu siku tu aende eneo la majumba: shimo YH127 kwanza, kisha ukumbi wa tambiko, kisha kaburi. Asijaribu kulikimbiza jengo jipya katika muda huo.

Dosari kubwa ya ziara hii haisababishwi na waendeshaji wake, bali na historia ya ugawaji wa vitu. Vyombo maarufu zaidi vya Fu Hao haviko Anyang. Lile jiko la mvuke la sufuria tatu liko katika Makumbusho ya Taifa ya China, Beijing. Vyombo viwili vya mvinyo vyenye umbo la bundi, jozi iliyotengenezwa pamoja na kuzikwa pamoja, vimetenganishwa: kimoja kiko Beijing, cha pili kiko katika Makumbusho ya Henan, Zhengzhou. Kwa hiyo ningempangia mgeni safari ya siku mbili, Anyang kwanza na Zhengzhou siku ya pili, ili akifika mbele ya yule bundi mwenye masikio yaliyosimama na miguu minene iliyokita chini, ajue ametoka katika shimo gani, alikuwa amesongamana na nini, na jina lililochongwa ndani ya mdomo wake ni la nani.